Hita ya maji ya nyumbani: lita ngapi zinakutosha, na lile tone linalodondoka ni uvujaji au siyo? (Tabora)

Mwana_Ipuli:

Wadau, habari za asubuhi.

Niko Tabora mjini, Ipuli. Anayeijua Julai ya huku anajua alfajiri yake: mchana jua linachoma, lakini saa 11 alfajiri maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki la mnarani yanatia ganzi vidole. Jana niliyapima kwa kipimajoto nikapata nyuzi 19. Watoto wanatoka kwenda shule saa 12 na robo, na kwetu magharibi saa hiyo bado ni giza. Tena ninaishi na mama yangu, ana miaka 74 na magoti yamekaza. Bila maji ya moto asubuhi hainuki vizuri.

Nafungua uzi huu kwa sababu nimenunua hita mbili ndani ya miaka mitatu, na ya kwanza ilikufa kwa kosa ambalo naliona kwenye nyumba nyingi ninazoingia. Naanza na hilo kosa, lita zitafuata.

Hita ya kwanza ilikuwa ya lita 50, ya kutundika ukutani. Pale chini, bomba la maji baridi linapoingia, kuna kavavu kadogo kenye kishikio na kitundu pembeni. Miezi michache baada ya kuifunga nikaona kile kitundu kinadondosha maji kila jioni tukiwasha. Nikamwita fundi. Akatazama, akasema vavu inavuja. Akachukua skrubu fupi, akaizungushia tepu nyeupe ya bomba, akakomea nayo kile kitundu. Matone yakaisha. Nikamlipa, nikamshukuru.

Wiki ya tano, saa 4 usiku, tukasikia mlio kama ndoo ya bati imeanguka bafuni. Maji ya moto yakamwagika kupitia kifuniko cha chini cha hita, yakateremka ukutani mpaka kwenye swichi. Mama alikuwa ametoka humo bafuni robo saa tu kabla. Tulipolifungua lile tanki kesho yake tumbo lilikuwa limevimba na ungio limepasuka, mpasuko mwembamba wa urefu wa kidole.

Maji yakipashwa moto yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 19 kwenda 60 zinaongezeka kwa robo tatu ya lita hivi. Ile vavu ina kizuizi cha kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la baridi, kwa hiyo koki zote zikiwa zimefungwa, hiyo robo tatu ya lita haina pa kutokea isipokuwa kile kitundu. Kikidondosha wakati hita inapasha, kisha kikakoma hita ikishajizima, vavu iko kazini. Ukikiziba, kila jioni unalikaba tanki kutoka ndani mpaka siku lichoke. Kwangu lilichoka wiki ya tano.

Kama kwako kuna kitundu kilichozibwa, zima hita sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Kisha ondoa kizibo, uvishe mpira mwembamba kwenye kitundu, uuelekeze chini kwenye ndoo au shimo la bafu, na mwisho wake uwe wazi.

Sasa lita. Dukani niliulizwa, "Nyumba yako ina vyumba vingapi?" Hilo swali halina msaada. Vyumba havikogi. Swali la kujiuliza ni hili: katika ile nusu saa yenu ya msongamano, watu wangapi wanaoga wakifuatana, na wanaogaje?

Nilichukua ndoo ya lita 10 nikaiweka chini ya bomba la mvua, nikahesabu: imejaa kwa sekunde 75. Yaani lita 8 kwa dakika. Mtu akioga dakika 5 ameshatumia lita 40 za maji ya vuguvugu. Maji hayo ya nyuzi 40 unayapata kwa kuchanganya, na yakiwa baridi yetu ni 19 na ya hita ni 60, karibu nusu ndiyo ya moto. Kwa hiyo muogaji mmoja wa bomba la mvua anakula lita 20 za tanki. Anayeoga kwa ndoo ya lita 20 anakula lita 10 tu.

Na usihesabu tanki lote. Kadiri unavyotoa maji ya moto juu, ya baridi yanaingia chini na kuchanganyika, ukifika robo ya mwisho unaoga uvuguvugu usio na maana. Mimi nahesabu lita 40 kwenye tanki la 50. Hizo ni waogaji wawili wa bomba la mvua, au ndoo nne. Sisi tuko watano: mimi na mke wangu tunaoga jioni, watoto wawili ndoo ndoo asubuhi, mama ndoo moja na nusu. Lita 50 zinatutosha na zinabaki. Mara ya pili nilinunua ya 80 kwa woga wa kupungukiwa, na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inanionyesha kila mwezi kwamba nilikosea.

Karibuni.

Fundi_Isevya:

Mkuu, Mungu amemwepusha mama. Hilo la kuziba kitundu nimelikuta mara nyingi, na anayefanya hivyo mara nyingi ni fundi wa maji anayejua mabomba vizuri ila hita hajafundishwa.

Ila hapo mwisho nakupinga kidogo. Tanki kubwa halili umeme kwa sababu ni kubwa. Umeme unakwenda sehemu mbili: kupasha maji mliyotumia, na kufidia joto linalotoka kupitia ganda. Kama mnatumia lita 30 za moto, iwe tanki la 50 au la 80, kazi ya kupasha hizo 30 ni ileile. Tofauti inabaki kwenye joto linalopotea, na hilo linaumiza pale mnapoacha swichi imewashwa saa 24. Hita ya lita 50 iliyoachwa tu, hakuna anayeoga, inaweza kula karibu uniti moja kwa siku. Ya 80 zaidi kidogo. Nina wasiwasi kwako tatizo ni swichi.

Mwana_Ipuli:

Fundi, nimekubali, na nashukuru kwa kunirekebisha. Ni kweli tulikuwa hatuizimi. Nimeuliza nyumbani, inaachwa tangu jioni hadi jioni.

Niweke basi hesabu ya umeme wote waione, maana ndiyo iliyonifungua macho. Uniti moja ya umeme inapandisha lita 860 kwa nyuzi moja. Lita 50 kutoka 19 hadi 60 ni nyuzi 41, yaani 50 mara 41 gawa kwa 860, unapata uniti 2.4. Ukitumia tanki zima kila siku ni uniti 71 kwa mwezi. Mimi nanunua uniti kwa takribani shilingi 356, kodi na tozo zikiwemo, kwa hiyo ni kama shilingi 25,000. Na wale mlio kwenye bei ya chini ya uniti 75 kwa mwezi mwone: hita peke yake imekaribia kuzimaliza, hujawasha taa wala friji.

Kwa elimenti (kile chuma cha ndani kinachopasha maji) ya wati 1,500 hizo lita 50 zinachukua saa moja na dakika 35. Mimi sasa nawasha saa 10 usiku kwa kengele ya simu, nazima saa 12 kasoro.

Kasulu_Juu:

Habari zenu. Nyie mnasema Tabora baridi, njooni Kasulu mwezi wa sita.

Mimi hita yangu ni wati 1,500 lita 50 lakini haifiki moto kwa muda uliosema. Inachukua zaidi ya saa mbili. Fundi anasema elimenti imechoka, nibadilishe. Ni mpya, ina miezi minne.

Fundi_Isevya:

Kabla ya kununua elimenti pima umeme kwenye soketi jioni na alfajiri. Ukiwa mwisho wa laini, umeme unashuka. Elimenti iliyoandikwa wati 1,500 kwa volti 230, ukiipa volti 200 inatoa kama 1,130 tu, maana nguvu inashuka haraka kuliko volti. Hapo saa moja na nusu inakuwa mbili na zaidi. Elimenti haina kosa.

Ikiwa volti ziko sawa ndipo uifungue utazame kama imevaa magamba ya chokaa. Wenye maji ya kisima yenye chumvi nyingi wanaliona hilo mapema. Wakati umefungua, tazama na fimbo ya magnesi iliyo karibu na elimenti. Ile imewekwa ili kutu iile yenyewe badala ya kula tanki. Ikishabaki waya mtupu, badilisha. Ni kitu cha kutazama kila mwaka au miwili. Watu wananunua tanki jipya kwa kukosa kubadilisha kifimbo.

Kasulu_Juu:

Nimepima jana saa 2 usiku. Volti 196. Saa 9 usiku nikaamka tena, 221. Asante sana fundi, umeniokolea hela. Nahamishia kuwasha saa 9 hiyo.

Mzee_wa_Ngambo:

Wanangu, shikamooni ninyi mnaonizidi, wengine marahaba. Mimi na bibi yenu tunachemsha sufuria moja kwenye jiko la mkaa, tunachanganya ndoo mbili, tumemaliza. Hii hita ni ya lazima?

Mwana_Ipuli:

Shikamoo mzee wangu. Kwa watu wawili wanaoga kwa ndoo, utaratibu wenu unatosha kabisa, sikushauri utoe hela. Mimi kilichonifikisha hapa ni mama kubeba sufuria ya moto kutoka jikoni hadi bafuni kwa magoti yale. Kama bibi anabeba mwenyewe, basi hata hita ndogo ya lita 15 iliyofungwa ukutani hapohapo bafuni itamwondolea hiyo safari. Lita 15 za nyuzi 60 zinatoa ndoo moja nzuri, na kwa wati 1,500 iko tayari ndani ya nusu saa.

Dada_wa_Gungu:

Kaka, niko Kigoma, Gungu. Huku kwetu joto, wengi wanasema hita ni anasa, lakini nina mtoto wa wiki sita. Nina maswali mawili. Kwanza, hizi shawa za umeme za papo hapo zinafaa badala ya tanki? Pili, ukuta wa nyuma ya bafu umeanza kulowa tangu tumefunga hita ya lita 30 aliyoiacha mpangaji aliyepita. Rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Nimetazama hita yenyewe, kavu. Kitundu ulichosema kiko wazi na kinadondosha kidogo tu tukiwasha. Maji yanatoka wapi?

Fundi_Isevya:

Dada, la kwanza nijibu mimi. Shawa ya papo hapo huko Kigoma inafanya vizuri kuliko huku, kwa sababu maji yenu yanaanza na joto. Chukua maji ya nyuzi 26: kuyafikisha 40 ni nyuzi 14 tu, na shawa ya wati 3,500 inakupa lita 3 na nusu kwa dakika. Huku Tabora kwa nyuzi 19 shawa hiyohiyo inakupa lita 2 na kidogo, unaoga kama umesimama chini ya bomba linalodondosha. Ukitaka mtiririko mzuri huku unahitaji wati 5,500, na hiyo inavuta ampea 24. Waya wa soketi za kawaida hauiwezi. Inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi, wa milimita za mraba 4 au 6, na breka yake. Na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Shawa ya umeme bila ethi sifungi hata ukinilipa mara mbili, mtu anasimama uchi kwenye maji chini yake.

Kwa mtoto wa wiki sita baki na tanki, maji unayatoa kwenye beseni na kuyapima kwa kiwiko. Thamostati (kile kidhibiti cha joto) iache kwenye 60, usiishushe hadi 40 ukidhani unamlinda mtoto. Maji yaliyokaa kwenye vuguvugu yanazaa vijidudu, kuna mmoja anaitwa Legionella anayeleta homa ya mapafu. Kwenye 60 anakufa. Lakini maji ya 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo kwenye beseni tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye.

Mwana_Ipuli:

Na la ukuta nijibu mimi, maana nililala na tochi bafuni siku mbili kwa ajili ya kitu kama hicho.

Dada, kwanza zima swichi ya hita, kabisa. Ukuta uliolowa na umeme uko humo ndani, tusubiri mpaka tujue.

Kisha tazama hita kwa mpangilio wa kimo. Pangusa kila ungio likauke, uzungushie kipande cha karatasi ya chooni: pale baridi inapoingia, pale moto inapotoka, kwenye fleksibo (mabomba yanayopinda) zote mbili, na chini ya kifuniko. Rudi baada ya saa moja. Karatasi haidanganyi, hata jasho la bomba litalowesha kwa namna nyingine: jasho linalowesha karatasi yote sawasawa, mvujo unaanza na doa. Tafuta pia alama ya zamani, chokaa nyeupe au ukijani kwenye shaba. Hiyo ni sehemu inayovuja polepole na kukauka kabla hujaiona. Kama maji yanatoka chini ya kifuniko cha elimenti, inaweza kuwa mpira wa flanji, huo unabadilishwa. Kama yanatoka kwenye mwili wa tanki lenyewe, au maji ya moto peke yake yanatoka na rangi ya kutu wakati ya baridi ni safi, tanki limekwisha, usikubali mtu akuambie atalichomelea.

Hita ikiwa kavu kama ulivyosema, basi ni bomba lililo ndani ya ukuta. Maji yako yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa au yanapitia simtanki?

Dada_wa_Gungu:

Yanapanda kwenye simtanki la lita 1,000, kisha yanashuka ndani. Karatasi zote zimebaki kavu.

Mwana_Ipuli:

Basi mita ya maji haitakusaidia, yenyewe inahesabu yanayoingia kwenye simtanki tu. Mwenye maji ya moja kwa moja angefunga koki zote akatazama kile kipembetatu kidogo cha mita kama kinazunguka. Wewe fanya hivi. Usiku wote mkishalala, funga maji yanayoingia kwenye simtanki. Chukua ufito mkavu, uchovye kutoka mdomoni hadi ugonge chini, weka alama ya kalamu pale maji yalipofika. Asubuhi kabla ya mtu kwenda hata chooni, chovya tena. Kwenye simtanki la ukubwa huo sentimita moja ni kama lita 9 au 10.

Usiku wa pili rudia, ila safari hii funga ile geti vavu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita. Maji yakiacha kupungua, mvujo uko upande wa moto. Yakiendelea kupungua, hita haina hatia, tafuta kwenye choo na mabomba ya baridi.

Fundi_Isevya:

Niongeze: ukifunga hiyo geti vavu, swichi ya hita ibaki imezimwa. Na siku ya kuwasha tena, fungua kwanza koki ya moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa, ndipo uwashe. Elimenti ikiwaka nje ya maji inaungua dakika hiyohiyo. Hili liwaguse na wenye maji ya mgawo, simtanki likikauka zimeni hita.

Kitu kingine, mkuu hukukigusa. Lita 50 za maji na mwili wa hita ni kilo 65 au zaidi. Nimeona imetundikwa kwenye tofali za udongo kwa misumari miwili ya kawaida. Gonga ukuta kwanza. Ukisikia unaitikia mtupu, pitisha nondo yenye nati mpaka upande wa pili na bamba la chuma nyuma.

Dada_wa_Gungu:

Narudi na majibu, siku tano zimepita, mniwie radhi.

Usiku wa kwanza maji yalishuka sentimita 3 kamili. Usiku wa pili, vavu ya hita ikiwa imefungwa, alama haikusogea hata unywele. Nikamwonyesha fundi wa huku ufito wenyewe. Akasema hapa hakuna kubahatisha, akafuata bomba la moto kutoka kwenye hita, akabandua vigae viwili tu karibu na kona. Ilikuwa elbo (kiungo cha kona) ya PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, haikuyeyushwa vizuri wakati wa kuunganisha, ukiitazama kwa karibu unaona duara la ungio limekaa upande mmoja nene, upande mwingine halikushika. Maji yalikuwa yanatoka kama jasho, ya moto, siku zote hizo.

Amekata, ameunganisha upya, tumeacha kona wazi bila vigae kwa usiku mwingine. Nimechovya ufito saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Alama moja juu ya nyingine.

Mwana_Ipuli:

Dada, nimefurahi kweli. Lita 30 kila usiku zilizokuwa zikipashwa moto na kumwagwa ukutani. Acha ukuta ukauke wiki mbili hivi kabla ya kupaka rangi, na mpimie mtoto maji kwa kiwiko kama fundi alivyosema.

Kwangu swichi sasa iko nje ya bafu. Mama mwenyewe ndiye anayeizima, akishamaliza kuoga anagonga ukuta mara mbili ili tujue.